Namba Saba, Chura Asiyebadilika Rangi

Mwaka ule nilikuwa boyi wa muhandisi mmoja Mbelgiji hapa Kolwezi. Boyi ndilo jina tulilopewa sote, hata mwenye mvi, na mimi nilikuwa na miaka thelathini na mke. Nilikuwa nimesoma madarasa matatu kwa mapadri, nikajua kuandika vizuri kuliko kuelewa nilichoandika. Kwa sababu hiyo bwana akaniondoa jikoni, akanipa vyura.

Walikuwa vyura wa matete, wadogo kama ukucha wa kidole gumba. Jumapili, sisi tukiwa misani, yeye alikwenda kwenye bwawa la Nzilo, akarudi suruali imelowa na uso umejaa furaha. Kila chura aliwekwa ndani ya bokali lake, chupa ya kioo ya mdomo mpana, lenye tete moja, maji kidogo chini, na kipande cha chandarua juu. Kila bokali lilikuwa na namba. Nyumba zetu za Kapata, mtaa wa wafanyakazi, pia zilikuwa na namba mlangoni, kwa hiyo sikuona ajabu. Jumamosi vyura walihesabiwa: bwana anataja namba, mimi ninainua bokali, yeye anatazama na kusema, "Iko." Chura aliyekataa nzi wake siku mbili aliandikwa mvivu. Hata hilo nililizoea.

Kuwatambua ilikuwa kazi ya kitabu chenye picha. Mwenye mistari ya njano ni kabila hili, mwenye madoa mekundu ni kabila lile. Bwana alimweka chura kando ya picha, akalinganisha rangi, basi. Ndivyo tulivyogawiwa sisi pia siku ya kuandikwa kazi: wa Kasai kalamu, wa kwingine sururu, na hakuna aliyetazama mara ya pili.

Namba saba alikuwa wa kahawia mtupu, na kitabuni hakuwamo. Bwana akasema ni kabila jipya, chura anayebaki kahawia maisha yake yote. Akaandika barua ndefu kwenda jumba la makumbusho huko Ulaya. Tangu siku hiyo alitembea kama mtu aliyepata mtoto wa kiume.

Wiki chache baadaye nikamkuta namba saba ameanza kuota mistari. Siku ya nne alikuwa njano na nyeusi, anang'aa kama kitenge kipya. Hakuna aliyegusa bokali lile ila mimi. Nikafurahi, nikamngoja bwana arudi kutoka mgodini nimwonyeshe.

"Namba saba iko wapi?"

"Ni huyu, bwana. Amebadilika."

"Huyu kabila ingine. Weye nafungua, saba nakimbia, weye naweka ingine."

"Hapana, bwana. Ni yeye."

"Jumamosi saba hapana iko, weye toka kazi. Na funguo ya nyumba, naleta."

Nyumba ilikuwa ya kazi. Bila kazi tungerudishwa kwetu Kasai kwa treni, na watoto wetu wawili walikuwa wamezikwa hapa. Mke wangu alikwisha kusema kwamba hatawaacha.

Nikamkuta anachekecha unga, nikamweleza.

"Tata, ule muzungu anataka nini?"

"Chura ya kahawia."

"Kule mutoni ninalowekaka mihogo biko bingi. Bitoto byote biko vile. Bikikomala, binavaa rangi."

"Yeye anasema ni kabila ingine."

"Basi mupelekee kabila. Mi nitakutafutia hata makumi mbili."

"Itakuwa uongo, mama."

"Uongo ya nani? Ye mwenyewe ndiye anaomba." Akaendelea kuchekecha. "Ao funga kweli yako mu kitambaa, tuipakie mu treni, twende nayo Kasai."

Ijumaa alirudi na beseni la mihogo kichwani, na ndani ya kopo la maziwa chura wa kahawia. Jumamosi nikainua bokali. Bwana akafurahi, akasema kumbe boyi naye akitishwa kidogo anaweza kuwa mkweli.

Huyo naye akabadilika. Na aliyemfuata. Mwaka mzima na zaidi, mke wangu alileta chura kijana wa kahawia kutoka mtoni na kumrudisha huko aliyekwisha kuvaa. Bwana aliandikia Ulaya kwamba namba saba ana afya nzuri na rangi yake haijatetereka. Barua zile nilizinakili mimi, kwa mwandiko wangu mzuri.

Nilidanganya, wala sitafuti kisingizio. Nilitaka nyumba, na mke wangu alitaka kuwa karibu na makaburi mawili.

Katika mvua za mwaka uliofuata alishikwa na kifua, akafa. Tulimzika kando ya watoto. Nilikaa kilioni wiki nzima, na wiki hiyo hakuna aliyekwenda mtoni. Niliporudi kazini ilikuwa Jumamosi, na namba saba alikuwa njano. Ningeweza kumwomba jirani kopo moja la chura. Sikuwa na nguvu hiyo. Nikainua bokali kama lilivyo, nikasema yote: mihogo, kopo, na vyura wote niliowabadilisha. Kisha nikaweka funguo juu ya meza.

Bwana hakukasirika. Aliinuka, akafunga mlango.

"Toka siku gani weye najua?"

"Toka wa kwanza, bwana. Nilikuambia."

Akarudi kwenye kiti chake. Mezani palikuwa na barua ya Ulaya iliyokuwa ikimsifu.

"Weye iko na kilio," akasema. "Mutu ya kilio nasema maneno mingi." Akanisukumia funguo.

Halafu akavaa buti, ingawa haikuwa Jumapili, akaniuliza wanawake wa Kapata wanaloweka mihogo upande gani. Nikamwelekeza. Alirudi baada ya saa mbili, matope hadi magotini, na kitu kinarukaruka ndani ya leso yake. Akakitia ndani ya bokali, akafunga chandarua, akanipa kalamu niandike daftarini kwamba namba saba hajabadilika.

"Andika mwenyewe, bwana," nikasema. "Mi nimechoka."

Nilidhani sasa ndiyo atanifukuza. Akaichukua kalamu, akaandika.

Nikarudi Kapata na funguo mfukoni. Sikuingia ndani. Nilipita nyumba, nikaenda hadi makaburini, nikamwambia mke wangu kwamba hatuhami.