Kijiti Nilikata Miye, Haya Anabeba Shemeji

(Mama mwenye kusema haya ni wa hapa Kindu. Majina yote tumebadilisha.)

Basi ukuta ya hangari ikaanguka, ikamuvunja Mama Feza, muuza muchele, muguu, na kartie nzima, mutaa wote, ikasema: ni Saidi, ni Saidi. Andika, mwalimu, weye mwenye kujua kalamu: hapana Saidi. Ni miye.

Miaka yangu siijui. Mama alisemaka nilizaliwa reli ikiwa ingali mupya, muhesabu wenyewe. Bwana yangu alikufa, watoto Mungu alichukua, anayenilisha njo Saidi, mudogo wa bwana. Ninamuita shemeji, lakini nilimuogesha na mikono hii angali mutoto, analia sabuni imeingia macho. Mutoto wa kelele yule! Sasa ni fundi wa nyumba za miti na udongo. Anapima na kijiti, urefu wa mukono yake, toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Muti mumoja, kijiti, muti mwingine, kijiti, mpaka kona. Nyumba ikiwa ya kuku, kijiti njo ile. Ikiwa ya sultani, kijiti njo ile. Miti njo inaongezeka.

Ile salongo, kazi ya lazima ya watu wote, tulijenga hangari ya soko ya wamama wanaouza muchele wa Kibombo. Saidi homa ilimushika, meno inagongana. Akanipa kijiti: «Shemeji, uwasimamie watu wa salongo. Ukuta ikirefuka, ongeza miti. Usipanue nafasi, hata shefu akulilie.»

Nikasimama. Lakini miti ilikuwa mizuri, minyoofu, na nyumba yangu ya jiko ilikuwa imeinama kama mulevi. Nikabeba muzigo mumoja wa miti ile nyumbani. Nilisema, nani ataona? Kumbe shefu wa selili, mukubwa wa mutaa, anakuya na abakosi yake, ile koti ya serikali ya kufungwa mpaka shingoni, jasho inamutoka, hata koo hawezi kufungua: «Sitwayeni, wananchi, murefushe! Watu wa animasio, wachezaji wa chama, watachezea humu.»

Miti haitoshi. Ningesema «turudi pori», wangeuliza: ile ingine iko wapi? Nikaenda nyuma ya nyasi, nikakata kijiti kingine, kirefu. Nikawapa. Wakapanga, miti ikafika kona vizuri, tukakandika udongo, tukaimba. Udongo inaficha yote, ndugu zangu. Mvua kubwa ya kwanza, upepo, ukuta chini.

Saidi akatoka kwa homa, akapiga magoti, akapima mashimo ya miti na mukono yake. Akapima tena. Shefu akamuuliza: «Shemeji yako njo alisimamia, ao?» Miye ninaangalia kikwembe changu kama vile sijakiona siku zote. Saidi akasema: «Yeye alifuata kijiti yangu. Homa ilinidanganya, nilikata kirefu.»

Wakamufunga amigo, ile jela ndogo ya shefu. Alipotoka, mwenye nyumba aliyoanza kujenga alishaita fundi mwingine. Vijana wanamupigia kelele barabarani: «Fundi Nafasi! Kuya utupanulie mulango, ng'ombe apite!» Anacheka nao. Analaza macho chini na anacheka. Na jiko yangu imesimama, miti imebanana kama meno ya mutoto, njo mule ninamupikia.

Sasa anasema anaenda mahali panaitwa Kama, kuchimba dhahabu. Mufanyabiashara mumoja wa kule Kivu atamupakia kwenye kamio, lori yake, siku ya juma tatu. Yule kifua chake si cha kuingia shimo! Hata kikohozi cha pilipili kinamuangusha.

Nikisema, watoto wa Mama Feza watakuya mulangoni kwangu, ni haki yao. Shefu atanifunga, haizuru, nimezeeka, nitalala. Ninaogopa macho ya Saidi. Aliyemuogesha njo alimuacha amigo. Na sijui kama anajua! Ile siku ya mashimo, mukono yake haikumudanganya. Tangu pale hajaniuliza neno. Kama anajua, ananibeba kwa nini? Kama hajui, anaondoka kwake akiamini mikono yake imeharibika.

Ninyi wenye kusoma ukurasa huu, na ninyi mutakaosomewa kama miye, muniambie. Nisimame hadharani, siku ya salongo, mbele ya Mama Feza na muguu wake? Nimwambie yeye kwanza, sisi wawili? Ao nibomoe jiko watu waone wenyewe? Musinionee huruma, munionyeshe njia, nifanye nini mbele kamio haijaondoka…

Ngoja. Unasikia? Ananiita.

«Shemeji! Wali inapoa! Kuya, sitakula peke yangu!»

Ninakuya, baba. Mwalimu, acha palepale. Ninaenda.