Paa la Jirani

Fundi wa mtandao wa mtaa huingiza programu mpya kwenye ruta kuukuu. Mkono mmoja huikandamiza plagi ukutani, kama anayemzuia mgeni asiondoke, maana umeme ukikatika katikati ya kazi, ruta imekufa. Ikishapona, huipandisha paani ipokee mawimbi ya nyumba hii na kuyasukuma nyumba ya pili. Ndivyo mtaa unavyopata intaneti, paa kwa paa.

Juzi jirani mmoja alimwita fundi mwizi wa kuku mbele za watu. Leo ruta ya jirani huyo imezimika. “Mwache akome!” mke wa fundi akasema. Fundi akafikicha vidole vyake vyenye makovu ya waya. “Mama watoto, mkunga anapata mawimbi kupitia paa lake. Kule bondeni simu haishiki bila sisi. Wenye uchungu watampataje?” Akabeba ngazi.

Sasa yuko juu ya ngazi, kwenye ukingo wa paa la adui yake, bisibisi mdomoni. Chini, jirani anafoka: “Mwizi wa kuku wewe! Ole wako univunjie bati!” Lakini ngazi ameikumbatia kwa mikono miwili, na kila mara fundi anaposogeza mguu, matusi hukatika na ngazi hukazwa.