Mama Vigae Apokea Wakwe

Siku ya kwanza kumwona alikuwa amechuchumaa mbele ya turubai la muuza vyombo vikuukuu, kichwa kakiinamisha upande, anagonga bakuli la kauri kwa ukucha. Mimi nilikuwa nimekwenda soko lile la mitumba kutafuta milango iliyobomolewa, maana mbao ya zamani imeshakauka na haikupindii kazi. Nilisimama na mlango wangu begani. Sikuwa nimewahi kuona mtu anasikiliza bakuli.

"Mama, unapiga hodi?" muuzaji akamtania. "Humo hamna mtu."

"Yumo," akajibu bila kuinua macho. "Ameitikia."

Akaliweka pembeni, akachukua la pili, pacha wake kabisa. Hilo nalo akaligonga. Lilitoa sauti ya mtu mwenye mafua.

"Hili lina ufa."

Muuzaji akaapa kwa baba na mama yake kwamba halina. Akaligeuza juani, akalipangusa kwa shati. Hapakuonekana kitu.

"Ufa upo, haujataka kutoka tu," yule mama akasema. "Lakini nalo nifungie. Litakaa ukutani."

"Mchagua jembe si mkulima, mama."

"Ndiyo maana nimechukua yote mawili, baba."

Nikacheka. Akageuka akanitazama, mimi na mlango wangu. "Na wewe uliyebeba mlango, ni fundi au umehama?"

Mimi si mtu wa maneno. Nikasema, "Fundi."

"Basi twende, nina kazi yako."

Hivyo ndivyo nilivyofika kwa Mama Vigae. Jina hilo walimpa wapangaji wenzake, na walimpa kwa kejeli, kwa sababu hata kipande cha sahani kilichotupwa jalalani alikiokota, akakiosha, akakitia ndani. Alikuwa dobi. Mumewe alifariki binti yao akiwa bado anatambaa, na tangu hapo aliishi kwa pasi ya mkaa, chini ya kibanda cha mabati kilichoegemea ukuta wa nyumba. Nyumba yenyewe ilikuwa ile ya vyumba vingi, ua mmoja, bomba moja. Yeye alikuwa na chumba cha mwisho, kidogo kama kiganja. Kitanda kilikuwa nyuma ya pazia, na chini ya kitanda kulikuwa na maboksi. Alipoyavuta nikaona sahani za maua ya buluu, vikombe vya ukingo wa dhahabu, birika zisizo na vifuniko na vifuniko visivyo na birika, vibakuli vya udongo mwekundu, kila kimoja kimeviringishwa katika shati.

"Mashati haya ya nani?" nikauliza.

"Ya wateja waliosahau kurudi. Vyombo havina baba, mashati hayana mwenyewe. Nimewaozesha."

Alitaka rafu. Nikatoa futi yangu nipime ukuta, akaniambia nipime sahani kwanza, ukuta utafuata. Akanieleza jambo ambalo sikulijua, na nimetengeneza rafu tangu ujana. "Sahani isiegemee nyuma, fundi. Ikilala chali vumbi linaiangukia usoni. Nataka ziiname mbele kidogo, kama mtu anayekusalimia." Kwa hiyo nikachimba kijifereji kwenye ubao, nikapitisha upapi mwembamba kwa mbele wa kuzuia vifua vyao, na sahani zikasimama zimeinama. Ukiingia mlangoni ulijiona umesalimiwa na ukuta mzima.

Alikuwa na sheria yake. Chombo kilichoitikia kilikuwa cha kulia, hata kiwe kizee namna gani, na yeye na binti yake walikunywa uji kwenye vikombe vya dhahabu kila siku ya Mungu. Chombo kilichokuwa na ufa kilikwenda ukutani. Kilichovunjika kabisa alikipanga katika saruji kuzunguka dirisha, kipande kwa kipande, mpaka dirisha likawa limevaa mkufu. Kuta tukazipaka chokaa. Halafu alichukua sahani moja ya buluu akaenda nayo kwa muuza rangi, akamsimamia akichanganya, "Bado, ongeza nyeupe, bado," mpaka yule bwana akaomba msamaha bila kujua kosa lake. Kwa rangi ile tukazungusha mstari chumba kizima. Mimi nikatengeneza meza ya bawaba inayokunjwa ikalala ukutani, na mabenchi yenye matumbo ya kuwekea nguo. Chumba kile kile, lakini ukikaa ulihisi kimepanuka.

Majirani walikuja kuchungulia. Mmoja akasema, "Mama Vigae, ukiingiliwa na njaa utatafuna sahani?"

"Nitazitafuna, lakini nitazitafunia mezani."

Mahali pa heshima kuliko pote hapo palikuwa pa mtungi. Ulikuwa mtungi wa udongo, mwekundu, tumbo pana, aliununua kwa bibi mmoja aliyekuwa anafunga jiko lake. Nikautengenezea kigoda cha miguu mitatu ukae pembeni, kwenye kivuli. Maji yake yalikuwa baridi kuliko ya friji. Aliuosha kwa maji na mkono mtupu, basi.

Binti akakua, akawa mshoni, akapata mchumba. Wakwe wakatuma salamu kwamba wanakuja kujitambulisha. Hapo ndipo kaka yake Mama Vigae alipokuja, mtu mzima mwenye nyumba yake, mkarimu, sauti kubwa. Mimi nilikuwa chini nakaza parafujo za meza.

"Wakwe watafikia kwangu," akasema. "Nina sebule, nina makochi, nina feni."

"Mtoto nimemlea humu, kaka."

"Nani amekataa? Lakini watu wazima hawapokelewi kwenye duka la vyombo. Wakivunja kimoja, utawadai?"

"Kikivunjika kitakwenda dirishani kwa wenzake."

"Dada, unataka tuchekwe."

Mama Vigae aliacha kukunja nguo. "Nisikilize. Mwanangu akitolewa kwako, huko aendako atakuwa mtoto wa mama asiye na kwake. Watamwambia siku wakigombana. Mimi nina kwangu. Ni padogo, lakini ni kwangu, na nataka wapaone kwa macho yao."

Binti, aliyekuwa mlangoni, akasema, "Mjomba, hata mimi nataka waone ninapotoka."

Mjomba akatafuta msaada, akaniona miguuni pake. "Fundi, wewe unaonaje?"

Nikaitazama parafujo. "Bawaba itashika," nikasema.

Wakacheka wote, na kaka akainua mikono. "Haya. Lakini mambo yakiharibika, sitaki kusikia kwamba sikusema."

Mkesha wa ugeni, mke wa kaka alikuja kusaidia. Ni mwanamke mwema ambaye mikono yake haijui kukaa. Mama Vigae alikuwa kibandani anapiga pasi vitambaa vya meza, na wifi akaosha kila alichokiona: sakafu, mabenchi, miguu ya mabenchi. Akafika kwenye mtungi. Aliona shingoni una ukijani kidogo, kama wa ukuta wa bafu. Akamimina sabuni ya unga, akausugua kwa chuma ndani na nje, akauacha uloweke, kisha akausuuza na kuujaza maji safi. Aliondoka ameridhika.

Kesho yake wageni wakiwa wameshaonekana getini, mimi nikiwa nimekuja kukaza benchi lililolegea, Mama Vigae alichota maji kwa kata ayaonje. Akasita. Akanusa.

"Wifi, mtungi umeuosha?"

"Nimeusugua mpaka shingo! Ulikuwa unaota majani, wifi yangu."

Mama Vigae alifumba macho kidogo. "Ahsante," akasema. Halafu akanijia pale kwenye benchi, akaninong'oneza, "Udongo umekunywa sabuni, fundi. Asiuguse mtu. Leo ni chai tu." Akaufunika kwa sahani, na juu ya sahani akaweka maua.

Wakaingia watatu: mchumba, baba yake aliyekuwa mtu mkimya, na shangazi mtu. Ukimwangalia shangazi ulijua mara moja kwamba ugeni ni yeye na wengine wamemsindikiza. Wakakaa, magoti yakagusana. Baba alitazama kuta, akatazama dirisha, akasahau kuvua kofia. Kaka akaanza kukohoa kikohozi cha kuomba radhi. Chai ikaletwa.

"Chai baadaye," shangazi akasema. "Naona mtungi pale. Miaka mingi sijanywa maji ya mtungi."

"Mletee!" Kaka akaruka kwa furaha, kwamba hatimaye kuna kitu wamekipenda. Na wifi, mikono yake ile ile, maua yameshawekwa pembeni, sahani imefunuliwa, kata imezama.

"Shangazi, subiri kid—" Mama Vigae alisema.

Shangazi alikuwa ameshapiga funda. Akaganda nalo mdomoni. Akalimeza. Kwenye mdomo wa juu kilibaki kipovu kimoja, kikapasuka. Nami nikawa nimeshika nyundo bila kujua niiweke wapi. Nilimtazama Mama Vigae, na nikajua anachokiona: kesho maneno yatakuwa yamefika, kwamba binti wa yule mwenye vigae, kwao wageni hunyweshwa povu.

"Nani ameuosha mtungi huu?" shangazi akauliza.

"Mimi," Mama Vigae akasema.

"Mwongo."

Kaka akashtuka. Shangazi akazungusha mkono taratibu, rafu hadi dirisha. "Mtu aliyevilea vitu namna hii hawezi kuosha mtungi kwa sabuni. Mwongo kabisa. Nani?"

Wifi akainua kidole kama mtoto wa shule. "Mimi, shangazi."

Shangazi akamtazama, kisha kifua chake kikaanza kutikisika. "Karibu chamani! Mimi niliosha wa mama mkwe wangu mwezi wa kwanza wa ndoa. Ukoo mzima ulicheua mapovu. Baba mkwe alikwenda hospitali, akaambiwa hana ugonjwa, ni msafi tu."

Hapo hapo palilipuka kicheko ambacho kiliita majirani dirishani. Hata yule baba mkimya alivua kofia akajifutia macho. Shangazi akainuka akaanza kutembelea ukuta, akiuliza hiki kilitoka wapi, na hiki, na kwa nini zimeinama. "Zinakusalimia," Mama Vigae akamwambia. Shangazi akazijibu, "Marahaba." Na kaka, ambaye wiki ile yote aliita mahali pale duka la vyombo, akasimama kati ya chumba na kifua mbele kama mwenye mali.

"Dada yangu anavijua kwa mlio," akatangaza. "Sikilizeni hiki!" Akashusha bakuli, akaligonga kwa pete yake. Likatoa ile sauti ya mafua.

"Hilo la ukutani, kaka," Mama Vigae akasema.

Walipokuwa wanaaga, baba alisema neno lake moja la siku ile. "Tutakaporudi kusikia jibu, tutarudi hapa. Msituhamishe." Nilimwona Mama Vigae amesimama mlangoni, mikono kaifunga kifuani, kidevu juu. Nami nilisimama karibu na meza yangu ya bawaba, na nikiri, kidevu changu hakikuwa chini.

Ule mtungi haukupona. Aliuloweka, akauanika, akauloweka, lakini kila mara sabuni ilichungulia. Mwishowe akaupandia maua, ukakaa nje ya mlango. Watu wakapita wakiuulizia, naye akasimulia, na aliposimulia wifi akiwepo, wifi ndiye aliyemalizia. Jina la Mama Vigae liliendelea, ila kejeli ilikuwa imetoka ndani yake. Kaka akipata wageni wa maana aliwaambia, "Nyumba njema si mlango, twendeni kwa dada yangu," na akawaketisha kwenye mabenchi yangu.

Binti alipojifungua mtoto wa pili, magoti ya Mama Vigae yakiwa yamechoka kusimama na pasi, alikubali kwenda kuishi naye, mji mwingine. Huko ndiko alikofia, kitandani mwake, na binti ameniambia rafu zangu, alizohama nazo, bado zimesimama. Alipokuwa anahama, mimi ndiye niliyetengeneza makasha ya kusafirishia. Tulifunga kila chombo katika shati lake, siku nzima, yeye anagonga, mimi napigilia. Lori lilipowashwa alikuwa ameshakaa mbele na bakuli moja mapajani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia, mazuri, nimeyafanyia mazoezi karakana nzima ikinisikia. Nikafika dirishani, hayakuja. Alishusha kioo, akanitazama, akatazama makasha nyuma yake, akajiweka sawa kwenye kiti kama bibi harusi.

"Fundi," akasema, "mwambie dereva aende taratibu. Amebeba nyumba."