Hatua Sita Kutoka Kitandani

Nauza nyanya katika soko la Voi, na kila kitu nakihesabu mara mbili. Korona iliponipata nikiwa mjamzito, nilikohoa wiki nzima, kisha uchungu ukaanza kabla ya siku zake. Binti yangu alitangulia kwa wiki tano. Nikarudia hesabu: tano.

Nilimwona kwa muda wa kupiga chafya, akapelekwa upande wa pili wa chumba. Hatua sita. Nilizihesabu kwa macho, maana mimi mwenyewe nilikuwa na bomba la oksijeni puani na kusimama kulinishinda.

Sista wa zamu alikuwa amejifunika kama mtu anayekwenda kurina asali. "Mama, humshiki kwa wiki mbili. Maziwa utakamua kwenye kikombe, tutamnywesha sisi."

"Wiki mbili ni bei ya kuanzia ama ya mwisho?"

"Hapa si sokoni."

"Basi nipe alale kifuani kwangu usiku na mchana."

Sikuwa na nguvu za usiku na mchana. Lakini mnunuzi hutaja bei ambayo muuzaji ataicheka, ndipo wasikilizane. Sista akacheka ndani ya barakoa, akaenda kumwuliza daktari.

Mama mkwe naye alikuwa ameshuka kutoka kijijini kwake Ronge, juu kilimani, akasimama nje ya dirisha na chupa ya chai. "Maziwa yako yana huo ugonjwa," akasema. "Humu nimemletea mtoto ya mbuzi."

"Asante, mama. Hayo wapikie masista chai."

Akanitazama kama nimemtukania ukoo. Chupa akaiacha dirishani.

Sista alirudi na jibu: ugonjwa unapita kwenye pumzi, si kwenye maziwa. Nikivaa barakoa na kunawa mikono, naweza kunyonyesha. "Lakini mtoto anapumua haraka. Akipita mara sitini kwa dakika, hatoki pale."

Nikaitazama saa ya ukutani na kile kifua kidogo kinachopanda na kushuka. "Hamsini na nane," nikasema. Nikarudia. "Hamsini na sita. Hesabu na wewe, sista."

Akainama juu ya mtoto, akahesabu dakika nzima. Mimi pumzi yangu niliizuia.

"Hamsini na saba," akasema.

"Nimekubali hiyo yako. Mlete."

Nilinawa hadi viwiko, nikavaa barakoa mbili.

"Moja inatosha, mama."

"Kwako."

Binti yangu alinyonya kama mtu aliyepunjwa kwenye mizani anayedai haki yake. Siku tulipotoka nilimrudishia mama mkwe chupa yake ikiwa safi. Nilikuwa nimeiosha mara mbili.

Sokoni bado wapo wanaoniuliza kama sikuogopa kumwua mtoto. Niliogopa. Woga si sababu ya kumwachia mtu mwingine mwanangu. Nikishawajibu, nawauliza kama wananunua ama wanabonyeza nyanya tu.

Mapafu yangu hayakurudi yote. Tukienda Ronge kwa mama mkwe, kile kilima kinanisimamisha mara mbili. Binti yangu, ambaye sasa anasoma chekechea na anakijua kisa cha ile chupa, hunitangulia mpaka juu, kisha hugeuka na kuniuliza kwa sauti ambayo kijiji kizima kinasikia, "Mama, nikuletee chai ya mbuzi?"