Mkunja Mashuka Aliyerusha Tufe

Sijapata kumwona mtu anayejua kunyamaza kama wifi yangu. Mimi mdomo wangu hauna breki, na heri niliseme mwenyewe kabla hujalisikia kwa jirani. Miaka yote aliyokaa na kaka yangu nilimchokoza ili siku moja anijibu, hata kwa tusi basi, nikaambulia tabasamu. "Wifi, wewe uliolewa au ulipangishwa?" namuuliza. Anatabasamu, ananiongezea chai.

Kaka yangu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa fundi saa, na alitaka kila kitu nyumbani kiende atakavyo yeye. Redio ilifunguliwa kwa taarifa ya habari tu. Pazia la sebuleni, zito, rangi ya majivu, alilichagua yeye. Wifi akitaka kukata nywele, anaomba ruhusa, kama alivyokuwa akiomba kwa baba yake kabla hajaolewa. Kaka alipofariki ghafla, ameinamia meza yake ya kazi na kile kioo kidogo cha mafundi saa cha kukuzia bado kimebanwa jichoni, wifi alibaki na vyumba viwili ambavyo hakujua hata funguo za akiba zimewekwa wapi. Walijaliwa mtoto mmoja, mpwa wangu, mhasibu katika mji mwingine, mtu wa mashati meupe na maneno ya kupimwa.

Wifi alifanya kazi ya kukunja mashuka. Cheka tu, wengi hucheka. Lakini hospitali haikai siku moja bila mashuka safi, na shuka la kitanda cha wodi halikunjwi vizuri na mtu mmoja. Wanashika wawili, kila mmoja na ncha zake. Wanalivuta mpaka linyooke, wanalikung'uta, wanalikunja kwa urefu, kisha mmoja anapiga hatua mbele kumkabidhi mwenzake ncha alizoshika. Wanakutana kifua kwa kifua, wanaachana, wanachukua jingine. Kwa miaka mingi mwenzake alikuwa mwanamke mmoja mwembamba, mcheshi, aliyeitwa Pacha kwa kuwa hakuna aliyewahi kumwona yeye bila kumwona wifi. Huyo ndiye mtu pekee niliyesikia akimfanya wifi acheke kwa sauti.

Mwaka uleule wa msiba Pacha alistaafu, akahamia mbali kwa dada yake. Idara ya ufuaji haikuleta mtu mwingine. Wakagongomelea vibanio viwili ukutani, wakamwambia wifi abane ncha mbili pale, azishike mbili nyingine. Nilimpitia kazini siku moja nikamkuta katika lile joto la mashine, anakunja, anapiga hatua, anaupelekea ukuta ncha zake. Kisha anarudi, anachukua jingine. Nilifika nyumbani nikalia, na mimi si mtu wa kulialia.

Mambo yalianza kwa mzaha. Hospitali ilikuwa na siku ya michezo ya wafanyakazi, na kila idara ilitakiwa itoe mtu katika kila mchezo. Wenzake wa ufuaji walimwandikisha wifi kurusha tufe kwa sababu ya mwili wake, maana wifi ni mwanamke aliyejaa, mabega yamekaa. Walitaka kucheka. Yeye, kama kawaida yake, hakukataa.

Tufe ni donge la chuma. Unaliegemeza shingoni, chini ya taya, unalisukuma kwa bega na mguu. Wapishi na makarani walilitupa kama wanaomfukuza mbwa, likaanguka karibu na vidole vyao. Wifi alilibana palepale shingoni anapobana ncha ya shuka mikono yake ikiwa na kazi nyingine, akalisukuma. Likaenda. Likapita alama za wote, likatua kwenye majani, na wale waliokuja kucheka wakabaki midomo wazi.

Halafu mwamuzi akainua bendera nyekundu.

Mwamuzi alikuwa mwalimu wa michezo wa shule iliyopakana na hospitali, mtu mzima mwenye kipara na subira. Alimweleza taratibu. Duara la saruji ndilo mpaka wako. Ukisharusha, unabaki ndani mpaka tufe litue, halafu unatokea nyuma. Ukivuka mbele ni faulo, hata ungekuwa umelifikisha mwezini. Wifi alikuwa amevuka mbele, hatua moja, bila kujijua.

"Lakini mkono unao, mama," mwalimu alimwambia. "Ukipenda, uje jioni baada ya kazi. Uwanja uko wazi."

"Naruhusiwa?"

"Nani atakukataza?"

Baadaye wifi aliniambia kwamba alisimama pale akimtafuta kichwani mtu wa kumkataza. Baba yake, hayupo. Mume wake, hayupo. Alimtafuta mpaka akaogopa, kwa sababu hakumpata.

Akaanza kwenda. Nami nilienda mara moja kumtazama, nikajuta, kwani hakuna mchezo wa upweke kama ule. Mpira unarudishiwa na mwenzako. Kwenye mbio una wa kukufukuza. Tufe ukishalirusha linalala huko lilikoangukia, na ni wewe mwenyewe uende ukaliokote, urudi nalo, urushe tena. Mwalimu alikuwa na wanafunzi wake, alimpitia mara mojamoja tu. Muda mwingi wifi alikuwa peke yake katika ule uwanja mpana, mama wa makamo mwenye kanga kiunoni na raba za marehemu mume wake alizozijaza vitambaa mbele.

Lakini alibadilika. Kwanza alianza kulala usingizi. Kisha mabega yakawa mabega kweli. Akifungua mtungi wa gesi ulioshindikana, majirani wanaita waume zao waje waone. Siku moja nikaingia kwake nikakuta sebule ina mwanga. Lile pazia la majivu alikuwa amelitoa, amelikata matambara ya kudekia.

"Wifi! Kaka atafufuka!" nikamwambia.

"Akifufuka atakuta pamedekiwa," akasema.

Ndugu yangu, nilikaa chini. Miaka yote ile, na hilo ndilo jibu lake la kwanza kwangu.

Kitu kimoja kilimshinda, nacho ni faulo. Alirusha vizuri, na kila akirusha mguu wake ulivuka mbele. Mwalimu alichora mstari kwa chaki, akaweka tofali, akamwambia ahesabu, wapi. Mwisho yule mzee wa watu alichoka, akamuuliza, si kwa ukali, "Mama, unamfuata nani?"

Jibu aliniletea mimi Jumapili, akakaa jikoni kwangu ameshika tama, akaniambia, "Wifi, namfuata Pacha."

Nilidhani joto la mashine limempanda kichwani. Ndipo akasimama, akanionyesha kwa taulo langu la sahani. Mikono ikishaachia uzito, miguu inajiendea mbele kumkabidhi mwenzako. Miaka yote hiyo miguu haikuwahi kufundishwa kubaki. Na anapofika mbele, akaniambia, kila mara kuna sekunde anayoshangaa kwa nini hakuna mtu.

Nilimkumbatia. Nifanye nini tena.

Sasa mpwa wangu. Tangu msiba alikuwa akimwambia mama yake ahamie kwake. Mkamwana alikuwa karibu kujifungua, kulikuwa na chumba cha nyuma, na bibi angemlea mjukuu badala ya kukaa mwenyewe kama yatima. Wifi alisema sawa. Alisema sawa kama alivyosema sawa kwa kila mtu maishani mwake, na mimi nilikuwa wa kwanza kumpongeza: "Nenda wifi, utakaa hapa na nani?" Tarehe ikapangwa, Jumamosi. Wifi alitakiwa amwarifu msimamizi wake kwamba anaacha kazi, na kila wiki nikimuuliza anajifanya hamnazo.

"Hutaki kwenda?" nikamuuliza mwishowe.

"Sijui. Sijawahi kuulizwa."

"Si ndiyo nakuuliza."

Alikunjua kanga yake, akaikunja upya. "Naogopa kubaki, wifi. Jioni zile ni ndefu. Lakini nikienda, nitakuwa mtu wa chumba cha nyuma mpaka nife, na nitakuwa nimesema sawa mwenyewe."

Na Jumamosi hiyohiyo kulikuwa na mashindano ya watu wazima ya vilabu vya mitaa, na mwalimu alikwisha kumwandikisha. Mpwa wangu alipofika na gari la mizigo alinikuta mimi mlangoni. Nilimwambia mama yake yuko uwanjani. "Uwanjani anafanya nini?" Nilimwambia aendeshe.

Tulikuta washindani wachache na watazamaji wachache kuliko wao. Mpwa wangu alisimama kando ya gari lake na shati lake jeupe, amekunja uso, anamtazama mama yake katika suruali ya michezo. Nadhani hakuwahi kuona mikono yake mpaka mabegani.

Wifi alirusha. Likaenda mbali, mguu ukavuka. Bendera nyekundu. Alirusha tena, bendera nyekundu tena. Alibakiwa na mrusho mmoja. Nilimwona akiingia duarani kwa mara ya mwisho, ameinamisha kichwa, midomo inacheza. Akasukuma. Nikaona goti likianza kwenda, mwili mzima ukiinama kuelekea mbele, na uso wake, jamani, uso wa mtu anayeaga. Akabaki. Aliyumba, akashika hewa, akabaki ndani ya lile duara mpaka chuma kikatua, tena akangoja hata baada ya kutua. Kisha akageuka akatokea nyuma.

Bendera nyeupe, mrusho halali. Kipimo chenyewe hakikumtisha mtu. Alikuwa wa pili kutoka mwisho. Mimi nilipiga vigelegele mpaka mwamuzi akaniangalia.

Mpwa wangu alimsogelea. "Hongera, mama. Haya, twende tukapakie, njia ni ndefu."

"Siendi, mwanangu."

"Huendi leo?"

"Siendi kuhama. Mtoto akizaliwa nitakuja kumwona, nitakaa wiki mbili, nitarudi kwangu."

Macho yalimtoka pima. Alinigeukia mimi. "Shangazi, ni wewe umemtia maneno haya?"

"Mimi?" nikasema. "Mimi nilimwambia aende."

"Watu watasemaje, mama? Kwamba nimekutelekeza? Utaishi na nani? Ukiugua?"

"Sijui," wifi akasema. Machozi yalikuwa yakimtoka waziwazi, lakini hakurudi nyuma. "Hayo yote sijui, baba. Najua siendi."

Mpwa wangu aliondoka na gari tupu. Hakukasirika kwa kelele, alikasirika kama baba yake, kwa kunyamaza. Hakupiga simu wiki ile, wala iliyofuata. Mtoto alizaliwa, tukaarifiwa na mama wa mkamwana. Wifi alisafiri, akakaa zile wiki mbili, akarudi. Walimpokea vizuri, aliniambia, kama wanavyopokea mgeni.

Usidhani nakuletea hadithi ya furaha. Kukunja mashuka bado anakunja na ukuta. Uwanjani bado anaokota tufe lake mwenyewe. Jumapili moja nilimkuta anakula amesimama kwenye dirisha la jikoni, sahani mkononi, kwa sababu kuandaa meza ya mtu mmoja kulikuwa kunamchoma. Macho yalikuwa yamevimba.

"Wifi," nikamwambia, "acha kujikaza. Kukosea si dhambi. Mpigie mwanao, atakuja kukuchukua kesho. Mtu hawezi kulia peke yake hivi kila siku."

Aliweka sahani. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayefikiria kama nitaumia au la, kisha akaamua kunieleza.

"Kwa kaka yako nililia bafuni," akasema. "Miaka yote ile. Nafungulia maji, nalia, nafunga maji, natoka. Kwa mwanangu zile wiki mbili nililia bafuni vilevile. Hapa nalia sebuleni, wifi. Nikichoka, nanyamaza."

Nilikuwa nikienda kwao kila Jumapili, enzi za kaka. Nakumbuka yale maji. Nilikuwa nikimtania kaka yangu kwamba ameoa mwanamke anayependa kuoga.

Sikumwambia tena ampigie mtu.