Shule Mbili, Nyumba Moja

Umekuja kuniuliza habari za shule za wanao, nami ile Jumapili naiona mpaka leo, mwanangu. Tulikuwa tunakaa Mtoni, nyumba ya vyumba vitatu, na uwezo wetu ulikuwa wa kulipia mtoto mmoja tu shule ya Kiingereza. Tukafanya kama walivyofanya majirani wengi. Zaina, mkubwa, alikuwa darasa la tano shule ya serikali, tukasema huyu ameshazoea, abaki. Idi, mdogo, ndiye aanze vizuri. Usinikunjie uso, kwani na wewe hayo hayo ndiyo unayoyapigia hesabu sasa hivi.

Kila siku basi la shule lilimpitia Idi kabla ya alfajiri. Kwa vile mimi nilikuwa na kibanda cha chai cha kufungua, Zaina ndiye aliyemwamsha mdogo wake, akampigia pasi shati, akamfunga kamba za viatu. Halafu naye akachukua fagio lake na kidumu cha maji, akaenda shuleni kwake kwa miguu. Niliona ni sawa. Mtoto wa kike, tena mkubwa, asaidie.

Jumapili hiyo mama mmoja wa shuleni kwa Idi alituletea wanawe waje wacheze. Nilifurahi, nikatoa vikombe vya kabatini. Zaina akaingia na sinia la juisi. Mmoja wa wale watoto akamwangalia, akamuuliza Idi, "Huyu ni dada yenu wa kazi?"

Idi akasema, "Eeh."

Zaina alisikia. Akaweka sinia taratibu, akatoka. Nami nilisikia, ila mgeni alikuwa mbele yangu, nikaona aibu kusema yule ni mwanangu wa kumzaa. Nikamkaribisha mgeni juisi.

Mama mkwe wangu, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Chanika, aliniita uani. Hakuwa mtu wa kelele. "Unataka kumchapa Idi," akasema, "na mie nakwambia mtoto hajasema uongo. Kasema anachokiona. Nani anamfulia soksi? Nani anampigia pasi? Shule mngechagua tu, mwanangu, kulikuwa na haja gani ya kumfanya mmoja awe bwana wa mwenziwe?"

Nilimkasirikia hata, maana nani anapenda kuambiwa hivyo na mkwe? Jioni nikamchapa Idi vilevile. Zaina ndiye aliyemwondoa mikononi mwangu, akaniambia, "Mwache mama, bado mdogo." Hakulia. Mpaka leo natamani angelia.

Usidhani naisimanga shule ya serikali. Zaina alifaulu, sasa ni mwalimu, na anafundisha huko huko serikalini. Idi naye ana ofisi yake Kinondoni, Kiingereza chake kinateleza. Wote wamesoma. Ila hawana la kuzungumza. Nilipolazwa mwaka jana, mmoja akija mwenziwe anaaga. Zaina anamsalimia mdogo wake kama anavyomsalimia mkuu wa kazini, na mjukuu wangu aliniuliza yule mwanamume aliyeleta matunda ni nani. Nikamwambia ni mjomba wako. Roho iliniuma sana.

Kwa hiyo peleka watoto unakoweza. Ukiweza wote shule moja, hata kama ni ile ya mtaani yenye madarasa yaliyojaa, wapeleke wote. Ukilazimika kuwatenganisha, basi yule wa basi naye afue soksi zake, aoshe vyombo, apige deki. Na mgeni akikuuliza huyu ni nani, mwanangu, jibu papo hapo, kwa sauti, mwanao akusikie. Mimi nilidhani nitamtaka Zaina radhi baadaye. Miaka imepita na sijui hata nianzie wapi.

Mungu akukuzie wanao, akupe riziki ya kuwasomesha wote. Na siku utakapofumba macho, awajaalie waliliane mabegani. Wangu mimi, sijui.