Punje za Sadoki kwenye Njia ya Chumvi

Mwaka ule Wazungu walipoamua kwamba mbingu ya Mbozi nayo inahitaji njia, walifyeka uwanda wa chini ya Ihanda, wakang'oa visiki, wakasawazisha mabonde, kisha wakaketi kungoja ndege. Ndege ikaja. Ikawa inakuja mara mbili kwa mwezi, inashusha mfuko wa barua na mtu mmoja aliyepauka kwa kichefuchefu, inaondoka. Kwa ajili ya maajabu hayo, njia ya chumvi itokayo Ivuna, iliyokanyagwa na watu kabla ya yeyote kuwaza motokaa, ilikutwa imepita katikati ya kiwanja, na kosa likawa la njia.

Sadoki aliijua njia hiyo kwa nyayo zake. Miaka ishirini aliongoza misafara ya chumvi, mpaka magoti yalipomgomea. Aliposikia kwamba kiwanja kitazungushiwa seng'enge, alikwenda ofisini kwa karani Ezron, kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi hadi ingeweza kusimama bila yeye.

"Serikali haifungi njia ovyo, mzee," alisema Ezron bila kuinua macho. "Inapima kwanza. Bwana Vipimo, Mzungu wa kupima ardhi, anataka kujua kiwanja kimebadilisha nini barabarani na kwenye njia zote za hapa. Kwenye njia yenu wakipita zaidi ya thelathini kwa siku, mtaachiwa mlango kwenye seng'enge. Wasipofika, watazunguka kwa barabara ya motokaa."

"Kuzunguka ni maili saba, Bwana Karani. Na mzigo kichwani."

"Miguu si wanayo?"

Kwa kuwa hakupatikana mwingine wa kukaa juani siku sita, kazi ya kuhesabu alipewa Sadoki mwenyewe. Ezron alimkabidhi vibuyu viwili mahali njia ya chumvi inapokata barabara. "Hiki, haragwe moja kwa kila motokaa. Hiki, punje moja ya mahindi kwa kila mpita njia. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

Aliona fahari. Njia yake ilikuwa mikononi mwake.

Siku ya kwanza lilipita lori la petroli ya ndege. Haragwe. Likarudi tupu. Haragwe. Likaja tena na mapipa yaliyosahauliwa. Haragwe. Siku ya tatu zikaja motokaa nne za watu waliotoka mbali kuitazama ndege, na ndege siku hiyo haikuja, nao wakarudi wakipiga honi kwa hasira. Kibuyu cha maharagwe kikaanza kuwa kizito kwa safari ambazo, kama kiwanja kisingekuwapo, hakuna mwenye akili ambaye angezifunga.

Asubuhi ya siku ya nne ukatokea msafara wa Tabita, mjane wa Ivuna aliyeongoza wanawake wenzake, mizigo ya chumvi imefungwa kwa majani, nyuma yao vumbi jembamba la watu wasio na papara.

"Baba Sadoki! Leo umekuwa askari wa njia?"

"Nawahesabia mlango, mama. Piteni."

Akatia punje moja.

Moja, kwa sababu watu wa chumvi hawakuhesabiwa vichwa. Vichwa vilihesabiwa na mtoza kodi. Waliotoka pamoja na kula chungu kimoja walikuwa mmoja. Wakifika mji wa mtu, wakiulizwa, "Mko wangapi?" kiongozi hujibu, "Mmoja," na mwenye mji hujua la kufanya: ateke maji mpaka wote watosheke. Aliyehesabu wenzake mmoja mmoja njiani ilisemwa amekwisha kuchagua atakayebaki porini. Leo hata anayejua hayo ni wa kutafuta kwa taa.

Jumamosi Ezron alimimina vibuyu mezani, akaandika, akasema asante. Baada ya wiki mbili seng'enge ilizungushwa, nyuzi tano, bila mlango.

Msafara wa Tabita uliporudi na mizigo mingine, uligota hapo. Sadoki aliitwa.

"Si ulisema unatuhesabia mlango?" Tabita aliuliza. "Uko wapi? Au tupae kama ndege yao?"

Sadoki alichechemea hadi ofisini. Ezron alifungua daftari. "Motokaa thelathini na nne. Wapita njia, thelathini na mmoja. Kwa siku sita, mzee! Hata watano na nusu kwa siku hawapati. Bwana Vipimo amefurahi mno: kiwanja kimeistawisha barabara, na njia yenu ilikuwa imekwisha kujifia."

Sadoki alishika ukingo wa meza. "Hao ni misafara, Bwana Karani. Msafara ni mpita njia mmoja."

Ezron alicheka mpaka akavua kofia. "Mmoja! Watu wazima, hesabu ya chekechea!"

Sadoki alirudi kwenye seng'enge, akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya maishani. Alipita mbele ya wanawake, akimgusa kila mmoja begani, akitaja kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Walimgeuzia nyuso. Mmoja alijifunika kwa kanga. Alipofika kwa Tabita, Tabita alimkazia macho, lakini aliligusa bega lake pia. Ishirini na saba, msafara mmoja tu. Alirudi ofisini na punje ishirini na saba kiganjani.

"Umechelewa," alisema Ezron. "Karatasi imekwenda Jumanne. Imepanda ndege."

Sadoki akazikung'utia punje nje ya mlango. Kuku wa karani walizimaliza kabla hajateremka ngazi.

Basi walizunguka. Sadoki alitangulia kwa magoti yake mabovu, kwa kuwa hakuona haki ya kubaki. Lori la petroli liliwapita likawamwagia vumbi, wakakohoa maili saba zote. Saa tisa walifika kwa mtu mmoja anayeitwa Osea, mzee wa desturi, aliyesimama uani na kata mkononi.

"Karibuni. Mko wangapi?"

Tabita alitua mzigo wake, akapangusa vumbi machoni.

"Muulize Baba Sadoki," alisema. "Yeye ndiye anayetujua. Tuko ishirini na saba."

Osea aliitazama kata, kisha mtungi, akaanza kupima maji.